Mama na Mkwewe Ndani ya Gari Moja

Wenzangu, nimechoka kusimulia nusunusu. Mmoja ananishika sokoni Runyenjes nikichagua viazi, mwingine ananivizia nje ya kanisa, na kila mmoja ameshasikia lake: kwamba tulikanyagwa na ndovu, kwamba mume wangu alimtusi mama yangu, kwamba mama alirudishwa kwake Ruiri akilia. Hakuna aliyekanyagwa wala aliyetusiwa. Kulia kulikuwepo kidogo, na aliyelia ni mimi. Basi kaeni niwaandikie yote, ili nikiulizwa tena niseme tu: soma.

Mume wangu Njeru mnamjua, yule mrefu wa Kibugu mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Mama yangu hamumjui sana. Anaishi Ruiri peke yake tangu baba afariki, yeye na ng'ombe wawili na kuku wasiohesabika. Wakati wa mavuno yaliyopita aliteleza zizini akaumia kiuno, akalala pale kwenye tope tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja jioni kuchukua maziwa. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nilimwomba aje akae nasi, nikamwomba tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Karimi, nikae nyumba ya mkwe? Niwe mtu wa namna gani?"

Wenye wakwe mnaelewa. Kwetu Meru, na kwao Embu pia, mwanamume na mama wa mkewe hukaa mbali kwa heshima. Tunaiita nthoni. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatajani majina, na zaidi ya yote hawaonani wakila. Vijana wengi wameyaacha hayo, lakini mimi nilijaliwa watu wawili ambao hawajaacha hata chembe. Binti yetu mdogo anaitwa Kawira, jina la mama yangu, na kwa sababu hiyo baba yake hajawahi kumwita kwa jina lake. Anamwita Kadogo. Mama akija kututembelea, Njeru hukumbuka ghafla kwamba kuna shehena ya mbolea inamsubiri mahali fulani.

Ndipo nikapata wazo. Nilikuwa nimesikia kwamba katika mbuga ya Meru unaingia na gari, unazunguka na gari, na ni marufuku kushuka ovyo. Nikajiambia, nikiwafungia wawili hawa siku nzima ndani ya gari moja, ama watazoeana, ama nitajua nimeshindwa na nianze kutafuta mtu wa kumlipa akae na mama Ruiri. Mama nilimwambia ni matembezi ya watoto. Njeru nilimwambia ukweli, naye akasema sawa.

Runyenjes hadi Nkubu

Tulitoka kungali giza, kwa gari la shemeji yangu, lile jeupe ambalo kila siku hubeba muguka, yale majani ya kutafuna ya kwetu Embu yanayoshindana na miraa ya Meru. Njeru alikuwa ameliosha mara mbili na bado lilinuka majani. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa suti, ile ya harusi za watu wakubwa.

"Baba Wanja," nikamwambia, "mtu huenda kuona simba na suti?"

"Simba simjui," akasema. "Mama yako namjua."

Kwenye kona za mto Thuci, Kawira alitapika ndani ya mkoba wangu. Wanja, dada yake, alifungua dirisha akatangaza habari hiyo kwa kila mpita njia. Lakini aliyetuchelewesha hasa alikuwa baba yao. Tulipofika Chuka alisimama kukagua magurudumu ambayo hayakuwa na neno. Pale Chogoria alisimama tena akasema injini inataka kupumua. Nimeolewa naye muda wa kutosha kujua injini ni nani.

Pale Nkubu alisimama kwa wauza ndizi, na hapo alikuwa na shida ya kweli. "Ndizi ya kupelekea mama mkwe ni gani?" akamuuliza mama mmoja aliyekaa nyuma ya mikungu.

Yule mama akamwangalia suti. "Ni mkwe mpya?"

"Hapana. Wa kitambo."

"Basi chukua mkungu mzima. Huyo wa kitambo ndio anajua kuhesabu."

Akachukua mkungu mzima wa ndizi mbivu, ukalala nyuma ya gari, na harufu yake ikaishinda ile ya muguka. Kumbukeni tu kwamba huko tulikokuwa tukienda kuna wanyama wenye pua ndefu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jambo hilo.

Ruiri

Mama alikuwa ameshasimama langoni kwake na sweta la kanisani, kilemba cheupe na kikapu kikubwa. Njeru aliegesha gari mbali, akashuka, akasimama kando ya barabara akiwa ameyapa mahindi ya jirani uso wake wote.

"Mwambie Mama nimemsalimia," akayaambia mahindi.

"Mwambie nimepokea," mama akaliambia lango.

Kisha likaja suala la kuketi. Mbele, kando ya dereva, haiwezekani. Nyuma ya dereva, atakuwa akikitazama kisogo cha mkwe siku nzima. Upande wa pili, kile kioo cha ndani kitamwonyesha Njeru uso wake. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, na kila mmoja alikuwa na shauri. Bwana mmoja wa bodaboda aitwaye Kaimenyi alishuka kwenye pikipiki yake ili afikirie vizuri.

"Si mumuweke shosho kwa buti," akasema. "Na hizo ndizi. Hiyo buti ni kubwa, mimi nimeona ikibeba ng'ombe."

Nilidhani mama atamtandika. Kumbe alilipenda wazo. "Lori la viazi nimepanda," akasema, "hii itanishinda?" Akaanza kulizunguka gari kwa nyuma, kiuno kile kibovu, akitafuta pa kukanyaga.

Nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mama yangu hatapanda buti. Nikaingia ndani, nikatoa leso kubwa yenye maua mekundu kwenye sanduku lake, nikaomba pini kwa majirani, nikaining'iniza nyuma ya viti vya mbele kutoka dirisha hadi dirisha. Mbele akakaa Njeru na mimi, nyuma mama na watoto wawili, katikati leso. Kioo cha ndani kikageuzwa kikatazama paa.

"Sasa nitaona aje magari ya nyuma?" Njeru akaninong'oneza.

"Wanja atakuambia," nikasema. Na kweli, kuanzia hapo mtoto alifanya kazi ya kioo. "Baba, lori! Baba, lori limepita! Baba, kuna mbuzi lakini hatufuati!"

Barabara ya Maua

Kutoka Ruiri tulirudi Meru mjini, kisha tukashika barabara ya kwenda mji wa Maua. Watu wawili walikuwa wametenganishwa na kitambaa ambacho unaweza kukitoboa kwa kidole, na maneno yao yote yalipitia kwangu.

"Karimi, muulize kama anaona hayo mashimo."

"Mwambie Mama nayaona."

"Muulize basi mbona anaingia yote."

"Mwambie Mama nikikwepa hilo naingia lingine kubwa."

Mbele kidogo tulikuta kizuizi cha polisi. Kijana mmoja aliyeonekana mgeni huku alituashiria tusimame, akainama dirishani, akaiona leso. Uso wake ukabadilika.

"Hapo nyuma mmebeba nini?"

"Mama mkwe," Njeru akasema.

"Ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Amekufa?"

"Niko!" mama akasema kutoka nyuma ya maua mekundu.

Yule kijana akarudi hatua moja. "Sasa mbona mmemficha? Mama, hawa watu unawajua? Umekuja na hiari yako?"

"Huyo msichana ni wangu," mama akajibu. "Huyo mwingine simjui, ni mkwe."

Hapo tungeshinda mpaka jioni. Njeru alianza kueleza, akaeleza vibaya, akasema wao hawaonani kwa sababu wanaheshimiana, na kila neno lilizidi kutufanya tuonekane wezi wa wazee. Bahati nzuri mwenzake, mtu mzima mwenye mvi, alikuja polepole kuona kuna nini. Akaitazama leso, akaitazama suti ya Njeru yenye jasho, akaelewa bila kuambiwa. Akasogea mbali na dirisha la nyuma ili naye asimtazame mama.

"Wacha waende," akamwambia yule kijana. "Na wewe ukioa huku utakuja kuniuliza."

Maua ilikuwa zamu ya tumbo. Nilitaka wote tunywe chai kabla ya kuteremka. Kuna hoteli mbili zinazotazamana, moja kila upande wa barabara. Mama akaingia ya kulia na Kawira, Njeru akaingia ya kushoto na Wanja, na mimi nikawa navuka barabara kama mhudumu wa hoteli zote mbili. Chapati upande huu, sukari upande ule. Njeru alipogundua kwamba meza ya mama ilikuwa dirishani, akahamia jikoni akanywa chai amesimama kati ya sufuria.

Nilipotoka, vijana wauza miraa walikuwa wamelizunguka gari wakinusanusa kama mbwa wa polisi.

"Mathe, hii gari inanuka muguka," mmoja akasema kwa uchungu. "Yaani mmetoka Embu na muguka, mkaileta Maua? Hapa kwetu?"

"Tumeleta ndizi," nikamwambia.

"Na mmefunika na leso ndio tusione!"

Nikawapa ndizi kila mmoja, nao wakatusamehe. Mmoja alimpa Njeru kifungu kidogo cha miraa ili, alivyosema, aonje kitu cha maana. Njeru alikitia mfukoni mwa suti haraka, macho yakiwa kwenye hoteli ya kulia.

Ndani ya mbuga

Kutoka Maua barabara inateremka na joto linapanda. Suti ilivuliwa koti tulipofika langoni, na hilo lilikuwa badiliko kubwa la kwanza. Askari wa pale, mwanamke mpole, alitueleza kwamba tusishuke isipokuwa mahali palipowekwa alama, tusilishe wanyama, tusipige honi. Kisha akaitazama leso.

"Na hii? Huyo mama ataona wanyama na nini?"

"Na dirisha la upande wake," nikasema.

Akacheka, akatufungulia lango.

Niseme wazi, ile mbuga ni nzuri mpaka unaona haya. Mito kila mahali, mikoche mirefu, nyasi za kumfikia mtu kifuani. Mimi na watoto tulikuwa tukipiga kelele kwa kila twiga. Mama hakupiga kelele. Mama ni mfugaji, na mfugaji haangalii mnyama kama sisi.

"Nyasi zote hizi," alisema kwanza, kwa uchungu wa kweli, "na mimi nakatia ng'ombe majani kando ya barabara kama mwizi."

Tukapata punda milia. Akawatazama. "Wamenona. Wanafanya kazi gani?"

"Hawafanyi kazi, Cucu," Wanja akamwambia bibi yake.

"Basi wamelelewa vibaya."

Kisha tukakuta kundi la nyati, weusi, wakubwa, wamesimama karibu sana na barabara. Njeru akazima injini. Mama akasogea dirishani mpaka kilemba kikagusa kioo, na baada ya muda akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Karimi, muulize, hawa wanaogeshwa kupe na nani?"

"Mwambie Mama hawaogeshwi."

"Muulize kwa hivyo kupe wakiingia masikioni?"

"Mwambie Mama wale ndege weupe na wale wa midomo myekundu wanawatoa. Lakini si wote. Mwambie ile dawa niliyompelekea ya ng'ombe wake, asiweke nyingi, inaunguza."

"Mwambie mwaka jana iliunguza."

"Mwambie pole. Mwambie ilipaswa kuchanganywa na maji mengi zaidi, na mimi ndiye sikueleza vizuri."

Walizungumza kuhusu kupe mpaka nyati wakaondoka. Mimi nilikuwa nikirudia maneno tu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na moyo wangu ukawa unapanda. Nilijiambia, Karimi, mambo yanaiva. Si mnanijua, nikifurahi mapema ndio naharibikiwa.

Mchangani

Kulikuwa na mto mdogo uliokauka, mchanga mtupu. Magari makubwa ya watalii huupita bila kufikiri. Gari la kubeba muguka lilifika katikati, likakohoa, likaketi. Njeru akakanyaga mafuta, magurudumu yakajichimbia. Akarudi nyuma, yakazama zaidi. Simu zetu zote mbili hazikuwa na mtandao.

"Mwambie Mama tumekwama," akasema.

"Mwambie nimejua," mama akajibu. "Mimi pia niko kwa gari."

Hakuna kushuka. Tukafungua madirisha nusu tupate hewa, tukangoja. Jua likasimama juu yetu. Watoto wakaanza kulia njaa, na hapo ndipo niliona jinsi nilivyojitega mwenyewe. Kikapu cha mama kilikuwa na mukimo wa viazi na mahindi uliofungwa kwenye majani ya mgomba, kuku wa kienyeji wa kukaanga, na kibuyu cha uji. Harufu ilijaa gari lote. Watoto wakala. Mimi nikala. Lakini Njeru alikataa kwa sababu mama yuko, na mama akakataa kwa sababu Njeru yuko. Watu wawili wenye njaa, chakula kimejaa, na kila mmoja anameza mate kwa heshima ya mwenzake.

Nilivumilia nikashindwa. Mama ni mtu wa dawa za presha, hatakiwi kukaa bila kula. Nikasema kwa sauti niliyorithi kwake yeye mwenyewe: "Sikilizeni. Leso ni nzito. Wewe, angalia mbele. Wewe, angalia dirishani. Mimi nitasema moja, mbili, tatu, na wote mtaanza pamoja. Hakuna atakayemwona mwenzake wala kumsikia, maana mtakuwa mkitafuna wote."

Wakafikiri. Hakuna sheria ya nthoni iliyowahi kuzungumzia jambo kama hilo. Nikampa Njeru paja la kuku na mukimo, Wanja akampa bibi yake. Moja, mbili, tatu. Gari likawa kimya isipokuwa taya.

Kwa hivyo hatukumsikia akija. Ndovu ni mkubwa hivyo lakini hutembea kama aliyevaa soksi. Nilichoona ni kivuli, halafu ukuta wa kijivu upande wa Njeru, halafu jicho. Alikuwa amezifuata ndizi. Mkonga ukaja kwenye dirisha la nyuma lililofunguliwa nusu, ukaingia kwa utaratibu, ukanusa kichwa cha Kawira. Mtoto akanyoosha mkono amshike.

"Kawira!" Njeru akapiga kelele. "Rudisha mkono!"

Tangu mtoto huyo azaliwe, hilo jina halikuwahi kutoka kinywani mwake. Kawira mdogo alirudisha mkono. Kawira mkubwa naye alirudisha wake, maana alikuwa ameshainua kikapu ampige ndovu. Mkonga ukapapasa, haukupata ndizi, ukapata leso. Ukaishika. Pini zikaanza kufyatuka moja baada ya nyingine, tak, tak, tak, na lile pazia lote lenye maua mekundu likapita mbele ya macho yetu polepole, likatoka dirishani.

Njeru alikuwa amegeuka nyuma kumtetea mtoto. Mama alikuwa amegeuka mbele kwa kuitwa jina. Wakabaki wanatazamana, uso kwa uso, karibu kama ninyi na karatasi hii, yeye mdomo umejaa mukimo, mama mdomo umejaa kuku.

Mwanamke aliyekuwa ametishiwa na ndovu hakuogopa ndovu. Nilimwona mama akiwa na aibu ambayo sijawahi kuiona kwake, hata kwenye mazishi ya baba alipoanguka mbele ya watu. Njeru macho yalikuwa mekundu, na machozi yalikuwa yakimtoka, ila sikujua kama ni aibu au chakula kimemkwama. Nikasema moyoni, basi. Nimewavua nguo wote wawili. Mama hatakanyaga Runyenjes tena, hata kwa harusi ya watoto hawa, na kosa ni langu.

Njeru akakohoa. Akakohoa tena, mshipa wa shingo ukamtoka.

Mama akameza chake. Akapangusa midomo kwa ncha ya kilemba.

"Njeru," akasema. Si mwambie. Njeru. "Meza kwanza, mwanangu. Usije ukasongwa."

Akampa kibuyu cha uji kwa mkono wake mwenyewe, juu ya kiti. Njeru akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akameza, akapumua.

"Asante, Mama."

"Maliza na hiyo kuku. Imekwisha onekana."

Akamaliza. Naye mama akamaliza yake, akiangalia dirishani kidogo, kwa adabu. Nje, ndovu alikuwa ameionja leso, akaona haina utamu, akaiangusha mchangani na kuikanyaga alipokuwa akiondoka. Hakuna aliyemtazama tena.

Lori la askari wa mbuga lilitufikia jua lilipoanza kulegea. Walipokuwa wakifunga kamba, wale wawili walikuwa katika mjadala mkali kuhusu faini. Kwa kawaida nthoni ikivunjwa kunachinjwa mbuzi, na aliyevunja ndiye anayemtoa. Njeru alisema ni yeye, kwa sababu alitaja jina. Mama alisema ni yeye, kwa sababu aliongea. Njeru akasema kwa heshima zote, Mama, mimi ndiye niligeuka. Waliyasema haya moja kwa moja, bila kunipitisha mimi, na hakuna aliyegundua kwamba kila sentensi ilikuwa mbuzi mwingine.

"Ngoja," mama akasema mwishowe. "Leso ilitolewa na nani?"

"Na ndovu."

"Basi mbuzi ni ya ndovu. Akitaka alete, asipotaka akae nayo."

Askari mmoja alituuliza kama tunaihitaji leso, iko pale chini ya gurudumu. Mama akasema waiache tu.

Kurudi

Tulifika Ruiri jioni, kuku wakiingia kulala. Njiani walikuwa wamerudia kunyamaza, na ule ukimya ulinitisha kuliko ndovu. Nilidhani jambo lile limewafikia polepole, kama uchungu wa kidonda ufikavyo baadaye. Njeru aliegesha gari palepale pa asubuhi, akabaki ndani akishika usukani. Nikamsaidia mama kushuka, nikamsindikiza mpaka langoni, na kwa kuwa sikuwa na hila nyingine iliyobaki nikamuuliza tu.

"Mama, utakuja kukaa nasi?"

"La," akasema. "Karimi, siwezi. Kupita sebuleni asubuhi na mkwe ameketi pale? Akitoka kuoga mimi niko mlangoni? Leo ilikuwa ni shida. Shida haina adabu. Nyumba ni kila siku."

Nikaona zizi nyuma yake, na lile tope. Hapo ndipo nililia, wenzangu, kama mtoto, nimeshika lango. Mama alinitazama, akaniacha nilie. Kisha akanipita, akatembea na kiuno chake mpaka kando ya gari, akasimama akiwa amelipa mgongo.

"Njeru."

"Ii, Mama."

"Hiyo nyumba yako ina milango mingapi?"

"Ni mmoja tu, Mama. Wa mbele."

"Ukuta ni wa nini?"

"Ni matofali."

"Matofali hutobolewa," mama akasema, na akarudi ndani kufungia kuku.

Tukarudi Runyenjes usiku.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu Njeru alimleta fundi, wakaanza kuubomoa ukuta wa kile chumba cha upande wa barabara. Wale mliouliza vumbi lile ni la nini, ndilo hilo. Leo mchana fundi alitaka kujua mlango ufungukie ndani au nje. Njeru akaniambia nimpigie Mama nimuulize. Nikamwambia mikono yangu ina unga, ampigie mwenyewe.

Akachukua simu. Kisha akaingia chumbani, akatoka amevaa koti lile la suti, akafunga vifungo vyote, akapangusa vumbi mabegani, akatoka nje, akapiga.

Nilimsikia akisema ndiyo Mama, ndiyo Mama, sawa Mama. Aliporudi jasho lilikuwa likimtiririka.

"Ufungukie ndani," akamwambia fundi. "Anasema na kizingiti kiwe chini, kwa sababu ya kiuno." Kisha akanigeukia mimi. "Na nimwambie kaka yangu atuachie lile gari Ijumaa. Anakuja na kuku wote."